Amplifaya ya Masikio

Mama Sare alikuwa na wake wenza wawili, na wote wawili walikuwa wa mbao.

Ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja waliokuja kupimisha sare za watoto wao, wakachungulia sebuleni na kuziona zile spika mbili zimesimama kila upande wa dirisha, ndefu kumfikia mtu mzima kifuani. "Hao walinitangulia kuingia humu ndani," alisema huku pini zikiwa mdomoni. "Hawapiki, hawafui, hawazai, na bado chumba kizuri ni chao. Mimi na cherehani yangu tumetupwa koridoni." Wateja walicheka, na mumewe kama yupo alicheka kuliko wote.

Mumewe walimwita Masikio. Si kwamba yalikuwa makubwa. Alikuwa msimamizi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji, mahali ambapo mashine zinanguruma mchana kutwa hata watu wanasemezana kwa ishara za mikono. Yeye alikuwa na kawaida ya kusimama katikati ya ghasia ile, akainamisha kichwa kidogo, kisha akanyoosha kidole kwenye mashine moja kati ya zote na kusema ile pale, beringi yake inakufa. Waliifungua wakakuta ni kweli. Jioni alirudi nyumbani, akaoga, akakaa kwenye kiti chake mbele ya spika, akaweka santuri.

"Naosha masikio," alisema. Hakutaka kuongeleshwa mpaka upande wa kwanza uishe.

Mama Sare hakuwa akisikiliza. Kwake yeye muziki ule ulikuwa mlango uliofungwa, na mumewe yuko upande wa pili. Alisubiri ufunguliwe, ndipo wakala, wakaongea, wakacheka. Hakuona vibaya. Kila mume ana kitu chake, na hiki angalau hakikunywa pombe.

Amplifaya ya Masikio ilikuwa ya kawaida, imara, na alikuwa akiilalamikia tangu siku aliyoinunua. Alichokitamani ni amplifaya ya valvu, ile ya kizamani yenye vichupa vya kioo juu yake vinavyowaka rangi ya kaa la moto. "Sauti yake ina damu," alisema. "Lakini si kila moja inaziweza spika hizi. Hizi ni korofi. Nikistaafu nitatafuta, nitachagua polepole, sina haraka."

Kustaafu kulipokuja, kiharusi kilikuja nyuma yake kama kilikuwa kikimvizia mlangoni. Asubuhi moja Masikio aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka.

Alirudi kutoka hospitali akiwa na nusu ya mwili. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, mdomo umepinda, na maneno yake yote, ya kiwandani, ya mizaha, ya kumwita mkewe kwa majina ambayo hayasemwi mbele za watu, yalikuwa yamefutika. Likabaki moja tu: basi. Akitaka maji, basi. Akichoka, basi. Akimwona binti yao na wajukuu kwenye simu, basi, basi, basi, na machozi. Alielewa kila alichoambiwa, hilo daktari alilihakikisha. Ukimuuliza jambo la ndiyo au hapana, aliuminya mkono wako kwa ndiyo na kuuachia kwa hapana. Lakini ili umuulize, ilibidi kwanza ujue cha kuuliza.

"Kaka," mdogo wake alimtania siku za mwanzo, "hilo basi unalolisubiri linatoka wapi? Nikuulizie kituoni?" Na Masikio alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Shemeji huyu alikuwa akiishi mtaa wa pili, mjane asiye na mtoto, mtu wa maneno mengi, na alikuja kila siku kumwinua kaka yake na kumwogesha.

Siku zilivyokwenda Masikio aliacha kucheka. Kisha akaacha kula vizuri. Kisha dada wa mazoezi, msichana mpole aliyetumwa na hospitali, akija na mipira yake na mikanda yake, Masikio alifumba macho na kumwachia mkono kama mtu anayemwachia mwenzake gunia.

Dada wa mazoezi alimvuta Mama Sare koridoni, wakasimama kando ya cherehani.

"Mama, sitaki kukuficha. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Mwili haungoji. Baba akikataa sasa, mkono utaganda hivyo hivyo, na mguu vilevile. Hana sababu ya kujaribu. Hakuna kitu alichokuwa anakipenda?"

Mama Sare aligeuka akazitazama spika. Zilikuwa kimya tangu siku ile ya viatu. Masikio akiwa bado hospitali, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na ile amplifaya ya zamani ikatoa moshi na harufu ya mpira. Hakuwa amemwambia. Alichomwambia, pale kitandani, akiwa amemshika mkono ulio hai, ni kwamba akirudi nyumbani atamkuta mgeni wake mwenye vichupa vya kioo. Alisema tu, jinsi mtu anavyosema chochote kitandani kwa mgonjwa. Sasa maneno yale yalimrudia, akayang'ang'ania kama mtu anayezama.

Shemeji ndiye aliyempeleka kwa Fundi Joto, mtengenezaji wa amplifaya. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya vipuri, hakina dirisha, na kwa sababu kila kilichokuwa ndani kiliwaka na kutoa joto, fundi alifanya kazi na fulana peke yake, jasho likimtiririka mpaka kwenye miwani.

"Spika gani?" aliuliza bila kuinua macho.

Mama Sare alimwonyesha picha kwenye simu. Fundi aliweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Ohoo! Hizi? Mumeo ana moyo."

"Moyo mzima," alisema shemeji. "Kichwa ndicho kilichomwangusha."

Fundi Joto hakucheka. Alivuta stuli akampa Mama Sare. "Dada yangu, hizi spika zina njaa. Kuna spika ukizipa kijiko kimoja cha umeme zinaimba mpaka majirani wanakuja kulalamika. Hizi unazipa sufuria zima, zinakuuliza chakula kiko wapi. Na besi ikiingia ndiyo balaa, ukinzani wake unaporomoka, zinadai umeme mwingi kwa mara moja. Amplifaya ya valvu isiyo na transfoma za maana inakabwa papo hapo."

"Mimi ni mshonaji, fundi. Niambie kishonaji."

Fundi alifikiri. "Umewahi kushona turubai kwa mashine ya kushonea hariri?"

"Sindano inavunjika. Au mota inalia mpaka inaungua."

"Umenielewa." Alionyesha rafu nyuma yake, ambako sanduku la chuma lilikuwa limefunuliwa tumbo, nyaya nje. "Ile pale inaziweza, kiasi. Lakini transfoma yake moja naizungusha upya. Nipe wiki mbili, tatu."

"Sina wiki tatu."

"Mimi nami sina mikono minne."

Mama Sare akaondoka amekasirika, na hasira ile ilimpeleka moja kwa moja kwenye duka la katikati ya mji, lenye zulia na kiyoyozi, ambako muuzaji anayenukia manukato alimkalisha kwenye kochi na kumwonyesha amplifaya ndogo, nzuri kama kisanduku cha vito. Vichupa viwili tu vya kioo kila upande. Muuzaji aliiwasha na kuizungusha mbele yake.

"Hii ndiyo asali yenyewe, mama. Ukishaisikia hii, zile nyingine utaona ni kelele."

"Inaziweza hizi?" Akaonyesha picha.

Muuzaji aliitazama kwa nukta moja. "Bila shaka. Chukua ujaribu nyumbani. Isipokupendeza, rudisha."

Shemeji aliibeba kama mtoto mchanga. Masikio alikuwa kwenye kiti chake, shuka miguuni. Alipoviona vichupa vikianza kuwaka, kimoja baada ya kingine, macho yake yalifunguka kwa namna ambayo Mama Sare alikuwa hajaiona tangu hospitali. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea pale. Mama Sare hakungoja. Aliweka santuri ambayo mumewe aliipenda kuliko zote, ile ya mwanamke anayeimba na bendi ndogo, ambayo jalada lake lilikuwa limechakaa pembe.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Gitaa moja, jepesi. Kisha bendi nzima ikaingia, na hata yeye asiyejua kitu alisikia kilichotokea: sauti ilijikunja. Ngoma ziligeuka kuwa makofi ya mtu mwenye glavu, besi ikafura na kutapakaa, na mwimbaji akawa kama anaimba akiwa ameminywa koo. Shemeji aliongeza sauti, ikawa mbaya zaidi.

"Basi," alisema Masikio. Kisha kwa nguvu, "Basi! Basi!" Alilifunika sikio kwa kiganja na kugeuza uso ukutani, na mabega yakaanza kutetemeka.

Mama Sare alizima. Alimfuta uso, akamkumbatia kichwa. Alikuwa ameumia, lakini ndani ya maumivu yale kulikuwa na kitu kingine, karibu na matumaini. *Bado anasikia,* alijiambia. *Masikio yake ni yale yale. Amesikia kwamba hii haifai.*

Wakairudisha.

Mama Sare akarudi kwa Fundi Joto na kusimama mlangoni. Fundi alimtazama, akavua miwani akaifuta jasho.

"Uliwasikiliza wale wa zulia."

"Nilisikiliza."

"Imekabwa?"

"Imekabwa."

Fundi alishusha pumzi ndefu, akalivuta lile sanduku lenye tumbo wazi likawa mbele ya kazi nyingine zote. Wiki ile Mama Sare alishona vibaya. Alikosea mikono ya mashati, ya kushoto akaiweka kulia, akafumua, akashona tena. Sebuleni Masikio alikuwa akikonda mbele ya macho yake. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo naye hakujishughulisha kuufuta. Dada wa mazoezi alikuja akaondoka, na siku moja alipokuwa akifunga mkoba wake aliuma mdomo wa chini, na Mama Sare alimwona.

Fundi Joto aliileta amplifaya mwenyewe, ana kipimo mfukoni na valvu za akiba kwenye pakiti ya mayai. Hii ilikuwa kubwa zaidi, haina urembo, transfoma tatu nyeusi zimepangana nyuma ya vichupa vinne vinene. Aliunganisha nyaya, akawasha, akaacha ipate moto kwanza, hakukubali kuharakishwa. Santuri ilipoanza aliinamisha kichwa, akakunja uso, akazima, akahamisha nyaya za spika kutoka skrubu moja hadi nyingine iliyo jirani.

"Ukinzani wa omu nane ulikuwa unaidanganya," alimweleza shemeji. "Spika yenyewe ikishuka, inashuka mpaka kwenye nne. Tuipeleke huko huko."

Mara hii besi ilikaza kama uzi uliovutwa. Shemeji alirusha mikono juu, akacheza hatua mbili, akamgeukia kaka yake. "Sasa je! Kaka! Sasa je!"

Masikio alikuwa amejibana kwenye kona ya kiti. "Basi," alisema. Akapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto. "Basi, basi, basi." Machozi yalikuwa yakimtoka bila kituo.

Fundi Joto alizima. "Hii iko sawa," alisema polepole, kama anajiuliza mwenyewe. "Si kubwa sana, lakini iko sawa. Sijui anataka nini."

"Anataka ile inayoziweza kabisa," alisema Mama Sare. Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Ulisema hii inaziweza kiasi. Kiasi! Kwa nini umletee mtu wa namna hii kitu cha kiasi? Unajua huyu ni nani? Huyu alikuwa anasikia chuma kikiumwa!"

"Dada yangu…"

"Ipo nyingine?"

Fundi aliinama kukagua waya ambao haukuwa na kasoro. Shemeji alimtazama. "Ipo," alisema shemeji.

"Ni yangu," alisema Fundi Joto. "Ya nyumbani kwangu. Nimeijenga mwenyewe, nimezungusha kila transfoma kwa mkono. Siiuzi, siikodishi, hata mke wangu haigusi."

Hapo Mama Sare, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu tangu azaliwe, alijishusha kutoka kwenye stuli akapiga magoti kwenye sakafu ya sebule yake mwenyewe. Shemeji alisema, "Shem, jamani, inuka," hakuinuka. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anamwambia mteja bei.

"Ananifia, fundi. Anakaa pale kwenye kiti ananifia, na mimi natembeza mkanda wa kupimia. Niazime. Akiisikia mara moja tu. Akijua bado kitu kile kipo duniani, atakula. Najua atakula."

Fundi Joto aliinuka haraka, akaanza kukusanya valvu zake, zikagongana kwenye pakiti. "Inuka," alisema bila kumtazama. "Inuka bwana. Nitaileta."

Iliwachukua wanaume wawili kuibeba kutoka kwenye gari, na shemeji alitukana njia nzima. Ilikuwa nzito kama mawe ya kusagia, na ilipowaka sebule ilipata joto. Fundi alizipima spika, akagusa hiki na kile, akasafisha sindano ya santuri kwa brashi ndogo. Mama Sare alimsogeza mumewe na kiti chake mpaka mahali pake pa siku zote, akamweka mto mgongoni, akamshika mkono.

"Masikio," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

Fundi alishusha sindano.

Kitu cha kwanza alichofanya Mama Sare ni kutazama nafasi iliyo kati ya spika, chini ya dirisha, kwa sababu mwanamke alikuwa amesimama pale. Hapakuwa na spika pale, palikuwa na ukuta na pazia alilolishona yeye mwenyewe, lakini sauti ilikuwa pale, kimo cha mtu, na nyuma yake kidogo kushoto kulikuwa na mpiga gitaa, na nyuma kabisa, mzito, mtu wa besi. Alikuwa ameishi na santuri ile miaka yote ya ndoa yake na hakuwahi kujua kwamba ndani yake kuna watu. Ngoma ilipoingia haikumpiga, ilimbeba. Ilikuwa kama kitambaa kizuri sana, kile ambacho mteja tajiri analeta mara moja katika maisha, ambacho unakipitisha mikononi na unaogopa kukitia mkasi. Alisahau cherehani. Alisahau uji. Alisahau, Mungu amsamehe, hata mkono aliokuwa ameushika.

Mkono ule ulichomoka.

Masikio alikuwa anaanguka. Hapana, alikuwa anajiangusha. Aliteleza kutoka kwenye kiti kwa ubavu, shuka likamfuata, na kabla mtu hajamfikia alianza kujikokota sakafuni kwa kiwiko cha kushoto, mguu mmoja ukisukuma, mwingine ukiburutwa, uso umekunjamana, akipita katikati ya yule mwimbaji na bendi yake yote, mpaka ukutani. Akaukamata waya wa umeme. Akauvuta.

Muziki ulikatika. Vichupa vilibaki vyekundu, vikafifia taratibu.

"Basi," alisema Masikio, shavu lake likiwa sakafuni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba.

Dada wa mazoezi alipokuja siku iliyofuata alimkuta Mama Sare ameketi koridoni na mikono mapajani, hashoni. Alisimuliwa yote. Mwanzoni alitaka kufurahi kwamba baba amejikokota peke yake, kisha wazo likamjia, akaingia sebuleni, akakaa sakafuni mbele ya mgonjwa.

"Baba, nitaimba kidogo. Sijui kuimba, unisamehe. Ukiona ni wimbo ule ule mara mbili, niminye. Ukiona ni nyimbo mbili tofauti, niachie."

Akaimba wimbo wa kitoto, akaurudia. Masikio alimwachia. Akaimba mwingine kabisa. Masikio alisita, akaminya, akaachia, akatikisa kichwa. Msichana akamtaka afumbe macho, akagonga meza, akauliza kama ni mlango, kisha kama ni meza; alijua. Akamtaka Mama Sare aongee kutoka chumba cha pili. Alijua ni nani na amesema nini. Akaimba tena, na mkono wa Masikio ukapanda sikioni.

"Mama," alisema msichana, "sikio la baba ni zima. Lakini kiharusi wakati mwingine kinagusa ile sehemu ya kichwa inayoupanga muziki. Sauti zinaingia, ila hakuna anayezipanga. Kwake hazikai pamoja."

"Zinakaaje?"

Msichana hakujua. Ni Mama Sare aliyepiga magoti, akauchukua mkono ule, na safari hii akauliza swali ambalo hakuwahi kuliwaza.

"Ni kama kiwandani? Kama zile mashine, zote kwa pamoja?"

Masikio aliuminya mkono wake. Aliuminya na hakuuachia.

Akaona yote kwa mara moja. Mtu aliyerudi nyumbani kila jioni kuosha masikio, na yeye mkewe alikuwa amemfungia kiwanda sebuleni, mara tatu, kila mara kikubwa zaidi, akamshika mkono asikimbie. Na aliambiwa. Aliambiwa kwa neno la wazi, neno ambalo kila mtoto analijua, na badala ya kulisikia akakimbilia kutafuta amplifaya kubwa zaidi. Aliweka paji lake kwenye goti lililokufa la mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya viatu alilia kwa sauti, kilio kibaya, cha kutoka tumboni, mpaka dada wa mazoezi akaenda kusimama nje.

"Ile nguvu ya kuupanga muziki itarudi?" alimuuliza baadaye, mlangoni.

"Kwa wengine hurudi kidogo. Kwa wengine hairudi. Siwezi kukudanganya, mama."

Fundi Joto alikuja na shemeji kuchukua mali yake. Alipoelezwa alikaa kwenye stuli muda mrefu akiziangalia spika, akijishika masikio bila kujua, kama mtu anayehakikisha kwamba pochi bado iko mfukoni. Kisha akaanza kufungua skrubu. Ile ya katikati, ya pili kati ya zile tatu, yenye vichupa vinne, nayo ilikuwa bado pale kwenye kona, na shemeji alianza kuizungushia waya wake.

Masikio alinyoosha fimbo yake mpya akamzuia.

"Kaka, tunaziondoa. Hazitakusumbua tena."

Fimbo haikuondoka. Masikio alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Akaigeuza fimbo, ikamwelekea yeye. Kisha ikaelekea spika. Kisha yeye tena.

"Anasema wewe," alisema shemeji.

"Mimi nini?"

Fundi Joto alikuwa ameelewa. "Alikuona," alisema. "Hata mimi nilikuona, juzi, kabla hajaanguka. Ulikuwa unasikiliza."

Mama Sare alitaka kukana. Alihisi aibu kama ya mtu aliyekutwa anakula na mwenye nyumba ana njaa. Lakini Masikio alikuwa anamtazama, na uongo mbele ya macho yale haukuwezekana. "Ndiyo," alisema. "Nilisikiliza. Nisamehe. Muziki ulikuwa mzuri mno."

Upande mmoja wa mdomo wa Masikio ulitetemeka. Aliegemeza fimbo, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Sasa ipi?" aliuliza Fundi Joto. Kabla hajajibiwa akaongeza kwa haraka, "Yangu ukiitaka, tutaongea."

Tangu jambo hili lianze, hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama Sare anachotaka yeye. "Ya katikati," alisema. "Yako ni ya mtu anayetaka nyumba nzima isikie. Mimi nitakuwa nimefunga mlango."

Na ikawa hivyo. Alasiri shemeji alimtoa kaka yake nje, akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma, wakatembea kando ya ukuta wa uwanja, hatua kwa hatua, wakibishana, mmoja kwa maneno elfu na mwingine kwa moja. Masikio hakuwa amepona. Mkono ulibaki umekunjika kifuani na kuna siku alikataa kabisa kuamka. Lakini alikula, nusu sahani, wakati mwingine zaidi. Mama Sare alifunga mlango wa sebule, akaziba chini kwa vipande vya kitambaa, akasikiliza kwa sauti ya chini. Spika zile hazikupenda kuchezwa chini, fundi alikuwa amemwonya, ila zilimpa alichokihitaji. Mara nyingi alisikiliza akilia. Aliona kama amevaa nguo ya mtu ambaye bado yuko hai.

Siku moja alizima, akafungua mlango akamkuta Masikio amesimama kwenye kizingiti, ana fimbo, shemeji nyuma yake ameinua mikono kuonyesha kwamba hakumshika. Masikio alijivuta mpaka kwenye kiti chake, akaketi, akapumua. Alimwangalia mkewe usoni, halafu santuri, halafu usoni tena, akasubiri.

"Unataka nikusimulie?"

Aliminya hewa kwa kiganja.

"Mimi sijui maneno yake," alisema Mama Sare. Akavuta stuli hata hivyo. "Haya. Kwanza kuna gitaa. Linakuja peke yake, kama mtu anayepiga bandi za mwanzo, kubwa kubwa, za kushikilia tu. Halafu yule mama anaanza, chini, hana haraka. Halafu besi inapita chini yake kama bitana, huioni lakini nguo inakaa. Halafu ngoma…"

Masikio aliinua kidole.

"Si ngoma?"

Akafungua kiganja, hapana. Akainua tena kidole, akakishikilia hewani, macho yamefumbwa, akisikiliza kitu ambacho kilikuwa bado kizima huko ndani, mahali ambapo kiharusi hakikufika. Kulikuwa na kitu kabla ya ngoma. Alikijua. Alikuwa amekisikia kila jioni kwa miaka yote ile.

"Kuna sauti nyingine? Filimbi? Hapana. Mtu anasema kitu? Hapana. Ni kidogo sana?"

Aliminya. Kidogo sana.

Mama Sare aliitazama santuri. "Mimi sijakisikia," alikiri.

Masikio alifumbua macho. Akamwashiria shemeji kwa kidevu, naye akaja akamshika chini ya kwapa, akamwinua. Wakatoka wawili polepole mpaka nje, na Mama Sare akawasubiri wafike kule mwisho wa ukuta. Kisha akafunga mlango, akarudisha vitambaa chini yake, akawasha amplifaya, akasimama karibu kabisa na spika ya kushoto akingoja vichupa vipate moto.